Vidudu vya Mbolea Si Adui Wote

Wako wakulima waogopao kushika mbolea ya takataka. Husema ya kuwa penye kuoza hapakosi maradhi. Mama mmoja nilimkuta akichoma maganda na majani yote aliyofagia, mwanawe asije akayachezea. Kando ya moshi huo sukuma wiki yake ilikuwa ya manjano kwa njaa. Hakukosea kumlinda mtoto, lakini alikuwa akichoma chakula cha shamba lake.

Ni kweli vidudu vimo. Katika kijiko kimoja cha udongo mzuri vimo mamilioni kwa mamilioni, wala jicho haliwezi kuviona. Walakini vilivyo vingi havina haja na mwili wa mtu. Kazi yao ni kula majani yaliyokufa na kuyageuza kuwa chakula cha mimea. Tena streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuponya kifua kikuu, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kutokana na kidudu cha udongoni.

Lundo lililopangwa vizuri hujisafisha lenyewe. Panga mabua makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, ukinyunyiza maji, mpaka lifike kimo cha mita moja na zaidi. Vidudu vikila hutoa joto, na baada ya siku chache katikati hufika digrii 55 hadi 65 za sentigredi. Hapo viini vingi vya maradhi, mayai ya minyoo na mbegu za magugu hufa. Lakini kandokando hubaki baridi. Kwa hiyo pindua lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, ya nje yaingie ndani.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa nayo ina joto na unyevu, kazi inakwenda. Ikitoka baridi yenye uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana. Pindua, uongeze mabua makavu.

Hofu nyingine ni ya haki. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, na joto la lundo haliviui. Basi funika kidonda, vaa viatu, na upate chanjo. Usitie lundoni kinyesi cha mtu, cha mbwa wala cha paka. Likiwa kavu, linyunyizie maji kabla ya kulipindua usivute vumbi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Mwenye kuogopa asianze na uozo. Na aanze na mbolea iliyokwisha kuiva, ya miezi mitatu au minne, atwae konzi moja na kuinusa: hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ndivyo alivyoanza mama yule. Siku hizi hulipindua lundo mwenyewe, na mwanawe ndiye mwenye kazi ya kuchomoa fimbo.