Dodoki katika chumba cha injini

Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani

Majuma mawili yaliyopita nilipokuwa nazungumza juu ya meli za zamani za mvuke, nilitaja kwa kupita tu kwamba katika chumba cha injini palikuwa na tangi lililojazwa madodoki. Sikudhani kama maneno yale yangezua jambo. Lakini barua zimekuja, na mmoja wa walioandika ameniuliza bila kuficha kama nilikuwa natania, maana yeye dodoki analijua bafuni, la kusugulia mgongo. Sikuwa natania. Na kwa kuwa habari ya dodoki lile inagusa jambo nililoliona kwa macho yangu nikiwa kijana, jambo lililomgharimu mtu mmoja kazi yake, leo naomba mnivumilie niieleze toka mwanzo.

Mwaka 1964 nilikuwa najifunza ufundi katika kiwanda kimoja cha mkonge upande wa Tanga. Korona, yaani ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, ilizungushwa na injini ya mvuke. Palikuwa na boila moja refu la kulala, lenye bomba pana la tanuri lililopita katikati yake. Kuni ziliwaka ndani ya bomba hilo, na maji yalilizunguka pande zote. Mvuke ulitoka juu ya boila ukaingia katika silinda ya injini, ukaisukuma pistoni huku na huku, kisha ukatoka nje kwa bomba lililopita paani: puu, puu, puu, mchana kutwa. Sisi vijana tuliupenda mlio ule. Hatukujua kwamba ulikuwa mlio wa kuni zinazopotea.

Maana iko hivi. Ukiteleka kilo moja ya maji yenye nyuzi joto 25 mpaka ichemke, unatumia kilojuli kama 314. Lakini ukitaka maji hayo hayo yaliyokwisha kuchemka yageuke yote kuwa mvuke, unahitaji kilojuli 2,257 zaidi, mara saba ya zile za kwanza. Kila mama anayepika anajua: sufuria huchemka upesi, lakini kuikausha ni kazi ya saa nzima. Joto hilo lote limejificha ndani ya mvuke, na mvuke ukigeuka tena kuwa maji hulirudisha lote. Ndiyo sababu mvuke wa birika huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Sasa injini kama ile yetu haikuweza kugeuza kuwa kazi hata sehemu moja katika kumi ya joto la kuni. Sehemu kubwa ya lililobaki ilipanda paani pamoja na ule mlio.

Mkuu wa kiwanda aliliona hilo. Wakati ule kuni zilikuwa zimeanza kuletwa kwa tela kutoka mbali, na gharama ilimkera. Akaamuru bomba la paani likatwe, lipindwe, na mdomo wake utumbukizwe ndani ya tangi la maji ya kulishia boila. Basi. Kazi ya siku mbili, bila kununua chochote. Mvuke kidogo tu, kama sehemu moja katika nane ya uzito wa maji baridi, ulitosha kuyafikisha maji nyuzi 95 kabla hayajaingia katika boila. Uliobaki tuliuachia njia ya kutoka. Na boila linapopokea maji ya nyuzi 95 badala ya 25, katika kila magogo tisa unaokoa gogo moja. Hesabu hii ni ya kweli, nami siikatai hata leo. Tulifurahi wote. Mtia kuni alifurahi kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiyabeba magogo hayo.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika oili.

Pistoni husuguana na silinda, chuma kwa chuma, katika joto kali. Isipopakwa oili itakwaruza na kukwama. Kwa hiyo juu ya bomba la mvuke huwekwa kikombe cha oili nzito ya silinda, inayodondoka tone kwa tone ndani ya mvuke, na mvuke huibeba mpaka ndani. Je, tone hilo likimaliza kazi huenda wapi? Haliliwi na injini. Hutoka na mvuke likiwa limepasuka kuwa chembe ndogo kama ukungu. Zamani ukungu huo ulipakaa bati za paa letu rangi nyeusi, na hakuna aliyejali. Sasa tulikuwa tumeuelekeza ndani ya boila.

Oili hupitisha joto vibaya mno. Chuma cha boila hulipitisha zaidi ya mara mia tatu kuliko oili. Utando wa oili wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita huzuia joto sawa na bamba la chuma la zaidi ya sentimita tatu. Tena oili haikai peke yake. Hushikana na tope na chumvi zilizomo ndani ya maji, ikawa uji wa kahawia unaotulia juu ya bomba la tanuri, mahali hasa ambapo moto ni mkali. Chini yake moto unawaka, juu yake yamo maji, lakini maji hayakigusi chuma. Chuma nacho kwa kukosa maji ya kukipoza hupata moto mpaka kikazidi nyuzi 500, kikalegea. Na maji ya boila yanalikandamiza bomba lile kutoka pande zote kwa nguvu za mvuke. Unadhani bomba litafanya nini?

Mwezi wa tatu hivi, asubuhi moja, mtia kuni alifungua mlango wa tanuri kuongeza kuni akaona dari la bomba limebonyea chini kama tumbo la ng'ombe. Hakukimbia. Aliuvuta moto wote nje kwa reki, akafungua mvuke utoke, akatupigia kelele tuondoke. Laiti bomba lile lingepasuka, maji ya nyuzi 170 yangegeuka mvuke mara moja, na sidhani kama ningekuwa hapa mbele ya kipaza sauti.

Shukrani aliyopata ilikuwa kufukuzwa kazi. Ilisemwa kwamba aliacha maji yapungue mpaka bomba likabaki kavu, na kwa kweli hiyo ndiyo sababu inayojulikana zaidi ya bomba kubonyea. Mzee yule aliapa kwamba kioo cha kupimia maji kilionyesha nusu. Hakuna aliyemsadiki. Mimi nilikuwa kijana wa kufagia. Nami sikusema kitu, maana sikujua la kusema. Nilichokumbuka ni kwamba boila lilipofunguliwa nilitumwa kulisafisha ndani, na vidole vyangu vilitoka na uji wa kahawia unaoteleza.

Haya, turudi kwa dodoki. Waliotangulia kuumizwa na jambo hili ni mabaharia. Huwezi kulisha boila maji ya bahari siku nyingi bila kuligandisha chumvi, kwa hiyo Mwingereza Samuel Hall alipata hataza mwaka 1834 ya chombo chenye mabomba mengi membamba ya kupozea mvuke, ili ugeuke tena maji safi na kurudi katika boila. Chombo kilikuwa kizuri, lakini enzi hizo silinda zilipakwa mafuta ya wanyama. Mafuta hayo yakipikwa na mvuke huvunjika, yakatoa tindikali inayokula chuma. Mabomba yakaziba, boila zikatoboka, na wengi wakakiacha. Kilirudi kwa nguvu miaka ya 1860, na mafuta ya petroli yaliyoanza kuchimbwa kule Pennsylvania mwaka 1859 yalikuja kusaidia, kwa kuwa oili ya petroli haigeuki tindikali namna ile. Hata hivyo utando ulibaki kuwa utando.

Ndipo wakajifunza kuiondoa oili kwa hatua. Hatua ya kwanza hufanywa ungali mvuke. Katika bomba huwekwa chombo kipana, mvuke uingie na kupunguza mwendo, kisha ulazimishwe kukata kona kali mbele ya vibao vya chuma vyenye mifereji. Mvuke ni mwepesi, hugeuka. Chembe ya oili ni nzito, hushindwa kugeuka, kama abiria aliyesimama ndani ya basi linapokata kona ghafla. Hujibamiza kwenye kibao, hunata, hutiririka chini na kutolewa kwa bomba dogo. Bomba hilo dogo likiziba, chombo chote hakina faida tena, maana oili hujaa na kuchukuliwa upya na mvuke. Nimeona mahali pengine chombo kizuri cha bei kubwa kimekaa na bomba lake limezibwa kwa kipande cha kijiti, eti lilikuwa linachafua sakafu.

Hatua ya pili ni ndani ya maji. Tangi hugawanywa kwa kuta, maji yapite chini ya ukuta mmoja na juu ya mwingine, polepole, oili ielee na kukombwa. Mwisho maji hupita katika vyumba vilivyojazwa vitu vyenye nyuzi nyingi: taulo, nyuzi za makumbi ya nazi, na madodoki. Dodoki kavu ni wavu mtupu. Maji hupenya, oili hunata. Jeshi la majini la Marekani lilitumia madodoki hayo katika matangi ya kulishia boila za meli zake. Yakichafuka huchemshwa kwa magadi na kurudishwa. Yakichoka hutupwa motoni. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika, usilidharau dodoki lako.

Iko oili moja kaidi, ile iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Hiyo hujichanganya na maji yakawa meupe kama tui, wala haielei wala haichujiki. Dawa yake iko dukani kwa Mpemba: shabu pamoja na magadi. Vikikutana ndani ya maji hufanya mabonge mepesi kama pamba, ambayo hukamata zile chembe ndogo, na hapo chujio la mchanga huweza kuzizuia.

Na utajuaje kama maji yamekuwa safi? Jicho halitoshi. Chukua kipande kidogo cha kafuri halisi, si vile vidonge vya nondo, ukiangushe juu ya maji safi ndani ya bakuli safi. Utakiona kinacheza na kuzunguka chenyewe kama mdudu. Gusa maji kwa kidole kilichoshika kitumbua, na kafuri itasimama papo hapo. Mwaka 1890 mwanasayansi Lord Rayleigh alipima ni mafuta kiasi gani yanayotosha kuisimamisha, akakuta utando usiofikia hata sehemu mbili za milioni ya milimita.

Mafuta siyo adui kila mahali. Meli yetu ya Liemba, ilipokuwa bado ya Wajerumani ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe katika Ziwa Tanganyika Julai 1916, na inasimuliwa kwamba mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Ikaendelea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Wengine watasema, mzee huyu anatuletea habari za mitambo iliyokufa. Injini za pistoni zimekwisha kweli, lakini boila hazijaisha. Ziko katika viwanda vya chai, hospitali, hoteli kubwa, viwanda vya sabuni. Na mahali panapochomwa mafuta mazito, mafuta hayo hupashwa moto tangini kwa bomba la mvuke lililojikunja, na maji yatokanayo na mvuke huo mara nyingi hurudishwa katika boila. Bomba hilo likitoboka, mafuta hufuata njia ile ile. Wenye busara huyapitisha maji hayo kwanza katika tangi la kuchunguzia, au huyamwaga kabisa. Ukiona pete ya mafuta katika kioo cha kupimia maji, au maji yanatoa povu na kuruka ruka, usingoje. Zima moto, tafuta tundu, boila lichemshwe kwa magadi na kuoshwa.

Hata sisi tungaliokoa kuni zetu bila madhara. Ilitosha kuupitisha mvuke ule ndani ya bomba lililojikunja katika tangi, joto lipenye lakini oili isipenye, na maji machafu yamwagwe nje. Maji hayakuwa haba, mto ulikuwa nyuma ya kiwanda. Ila bomba la namna hiyo lingenunuliwa.

Haya yote nilikuja kuyajua chuoni, miaka mingi baadaye. Mwaka 1983, nikipita Korogwe, niliambiwa yule mtia kuni yu hai, anauza mkaa karibu na stesheni. Nikamwendea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunikumbuka. Nikamkumbusha kiwanda, kisha nikamweleza habari ya oili kama nilivyowaeleza ninyi, pengine kwa urefu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, maji yalikuwa nusu kioo?"

Nikamwambia, "Yalikuwa nusu kioo, mzee."

Akamwita mjukuu wake aliyekuwa akipanga magunia, akamketisha, akaniambia, "Mwambie na huyu."