Kaunti ya Lamu: Nchi Yake, Watu Wake na Utawala Wake

Watu wengi wa visiwani huyajua vema majina ya wakubwa wao, lakini si wengi wajuao kazi ya kila mkubwa ni ipi. Tuseme mvuvi wa Kizingitini ana shida ya gati. Huenda kwa chifu, naye chifu humwambia kuwa jambo hilo si lake. Humwandikia mbunge, asipate jibu. Mwisho hupanda mashua mpaka Lamu, akafika ofisi isiyohusika hata kidogo, akarudi kwao na nauli imekwisha na gati ni lile lile. Ili kumpunguzia msomaji taabu ya namna hii, makala hii itaeleza kaunti yetu ni nchi gani, ina watu wangapi, na mambo yake huamuliwa na nani.

NCHI

Kaunti ya Lamu iko katika pembe ya kaskazini ya pwani ya Kenya. Imepakana na Jamhuri ya Somalia upande wa kaskazini-mashariki, Kaunti ya Garissa upande wa kaskazini, na Kaunti ya Tana River upande wa magharibi. Kusini na mashariki ni Bahari ya Hindi. Ukubwa wa nchi kavu ni kilomita za mraba zipatazo 6,250. Wageni wengi hudhani kuwa Lamu ni visiwa tu, lakini sehemu iliyo kubwa zaidi ni bara. Huko ndiko yaliko mashamba ya Mpeketoni, Hindi na Witu, na misitu ya Boni na Dodori, iliyowekwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1976.

Visiwa vijulikanavyo zaidi ni Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Pate ndicho kikubwa kupita vyote. Ndani yake mna miji ya Pate, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini, mji wa wavuvi wenye sifa ya samaki na ya kamba wakubwa wa miambani.

Katika nchi ya namna hii bahari ndiyo barabara kuu, na barabara hiyo ina saa zake. Mashua itokayo Lamu kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wenye mikoko huku na huku, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, mlango huo huwa haba, na nahodha hana budi kungoja yajae. Pepo za kusi nazo zikishika nguvu, bahari ya nje huchafuka na kazi ya uvuvi hupungua. Kadhalika maji ya kunywa ni shida ya siku zote katika kisiwa cha Pate, kwa kuwa visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Ndiyo sababu wazee walijenga majabia ya kukingia maji ya mvua, nayo hutumika mpaka leo.

Tumeyataja haya kwa makusudi. Gati, maji, zahanati na boti ya kuchukulia mgonjwa ni mambo ya lazima visiwani, na karibu yote yamo mikononi mwa serikali ya kaunti, kama tutakavyoona.

WATU

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539. Mwaka 2019 walihesabiwa 143,920, yaani kiasi cha watu 23 katika kila kilomita moja ya mraba. Katika kaunti zote 47 za Kenya hakuna iliyokuwa na watu wachache kuliko Lamu. Mwaka huo huo Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073.

Wenyeji wa kaunti hii ni wa namna nyingi. Wako Waamu, Wapate na Wasiu. Wako Wabajuni wa visiwani na wa pwani ya kaskazini. Wako Waaweer wa msitu wa Boni, na Waorma wafugao ng'ombe. Tena wako wakulima wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya na kupewa mashamba katika mipango ya serikali iliyoanza Mpeketoni katika miaka ya 1970. Wabajuni nao walikuwa na vijiji vingi zaidi bara hapo zamani, lakini vita vya shifta, vilivyokuwako tangu mwaka 1963 hata 1967, viliwafanya wengi kuacha makwao na kukimbilia visiwani.

Kwa uchaguzi wa wabunge, kaunti imegawanywa sehemu mbili. Katika hesabu ya 2019, Lamu Magharibi ilikuwa na watu 121,662, na Lamu Mashariki watu 22,258. Kizingitini imo katika Lamu Mashariki, ambayo makao ya utawala wake ni Faza.

UTAWALA WA ZAMANI NA WA SASA

Tangu mwaka 1895 hata Desemba 1963, ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza, na mambo ya wenyeji yalikuwa mikononi mwa maliwali na mamudiri. Baada ya uhuru kulikuwa na halmashauri, nayo pia iliitwa ya Kaunti ya Lamu; lakini ilikuwa chini ya Waziri wa Serikali za Mitaa, na uwezo wake ulikuwa mdogo. Katiba ya Agosti 2010 ilibadili mambo hayo, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 serikali mpya za kaunti zilianza kazi.

Basi siku hizi mtu wa Kizingitini yuko chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja, nazo yampasa kuzipambanua.

Ya kwanza ni serikali ya taifa. Hii ina kamishna wa kaunti, manaibu wake, machifu na manaibu wa machifu, ambao huajiriwa, hawachaguliwi kwa kura. Polisi, ulinzi, mahakama, shule za msingi na za sekondari, na bandari kubwa ni kazi za serikali hii.

Ya pili ni serikali ya kaunti. Mkuu wake ni gavana, ambaye huchaguliwa kwa miaka mitano wala hawezi kushika kazi hiyo zaidi ya vipindi viwili. Gavana husaidiwa na kamati ya mawaziri wa kaunti. Penye bunge la kaunti, kila wadi ina mwakilishi mmoja, nao wengine huongezwa kwa uteuzi. Kazi za serikali hii ni zahanati na hospitali za kaunti, maji, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na maendeleo ya uvuvi, barabara za kaunti, vivuko na magati madogo. Kazi ya kuzima moto nayo ni yake, na faida yake itaeleweka na kila anayekumbuka moto wa mwaka 2009 ulioteketeza mamia ya nyumba mjini Faza.

Basi mwenye shida ya gati na aanze kwa mwakilishi wa wadi yake, na mwenye kesi ya wizi aende polisi. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria Nairobi, ingawa pia yuko mfuko wa maendeleo wa eneo lake, ambao watu humjia kwa ajili yake.

UCHACHE SI UDHAIFU

Huenda msomaji akasema, "Sisi tu wachache, nani atatusikia?" Hebu na atazame hesabu. Lamu ina wadi 10. Lamu Mashariki ina wadi tatu kati ya hizo, nazo ni Faza, Kiunga na Basuba, ingawa watu wake hawafiki hata mmoja kati ya kila sita wa kaunti. Tena katika Seneti, jambo la kaunti likipigiwa kura, kila kaunti ina kura moja tu. Kura ya Lamu ni sawasawa na kura ya Nairobi.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Mojawapo, Loving County katika jimbo la Texas, ilihesabiwa watu 64 tu mwaka 2020. Hata hivyo watu hao huchagua viongozi wao wa kaunti kama wachaguavyo watu wa kaunti zenye mamilioni.

Lakini kura peke yake haitoshi. Katiba inataka wananchi waulizwe kabla ya mambo makubwa kuamuliwa. Bandari mpya ya Lamu ilipokuwa ikijengwa, wavuvi walipeleka mashtaka kwamba sehemu zao za kuvulia zinaharibika na kwamba hawakushauriwa kama ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa haki, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021.

Wavuvi wale iliwabidi kwenda mahakamani. Iko njia nyingine iliyo nyepesi, nayo ni kusema mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili. Baraza la wananchi likiitwa katika miezi hiyo, ndiyo saa ya kutaja jabia, gati na zahanati. Mwenye kungoja mpaka Julai atakuta fedha zimekwisha kugawanywa. Tena mtu yeyote ana haki ya kupeleka ombi kwa maandishi katika bunge la kaunti, hata kama si mwenye cheo.

Nahodha hujua saa ya maji kujaa, hangoji yapwe ndipo atweke tanga. Mwananchi naye na ajue saa ya kusema na mahali pa kusemea. Asiyeuliza, walinena wazee, hanalo ajifunzalo.