Gari la Kifahari: Bei Hushuka, Vipuri Havishuki

Juma hili tuzungumzie jambo linalowanyima usingizi watu wengi wa mijini. Nalo ni ununuzi wa magari ya juu ya kifahari yenye umbo la kati: Harrier, Prado, BMW X5, Mercedes ML na wenzao. Yale mashangingi makubwa ya wakubwa tuyaache kwanza. Nasema juu ya gari ambalo mstaafu aliyelipwa kiinua mgongo, au mume na mke waliodunduliza kwa miaka, hulitazama pale yadi likimeremeta na kuambiana, "Hili sasa tunaliweza."

Swali ni hili: mnaliweza kulinunua, au mnaliweza kulitunza? Hayo ni mambo mawili, na asiyeyatenganisha ndiye ambaye baada ya mwaka mmoja gari lake limesimama uani, limefunikwa turubai, na ada ya watoto haijalipwa.

Siri yenyewe haina ugumu. Gari la kifahari likizeeka, bei yake hushuka upesi kuliko ya gari la kawaida, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. BMW X5 ya miaka kumi na miwili yaweza kuuzwa sawa na gari dogo la Kijapani lenye umri mdogo zaidi. Lakini siku breki zake zikiisha, utaagiza breki za X5. Duka la vipuri halikuulizi ulilinunua gari kwa kiasi gani. Kwa hiyo ukiona gari la fahari linauzwa kwa bei ya chini kuliko ulivyotegemea, jiulize kwanza ni gharama gani mwenzako anazikimbia.

Tuanze na wenye uwezo wa kuchagua kati ya jipya na lililotumika. Gari jipya la wakala lina mambo matatu mazuri: halina historia ya kufichwa, lina dhamana ya kiwanda, na limetengenezwa kwa ajili ya soko letu, yaani mafuta yetu, joto letu na barabara zetu. Ubaya wake ni kwamba hupoteza sehemu kubwa ya thamani katika miaka mitatu au minne ya mwanzo, na hasara hiyo hubebwa na mnunuzi wa kwanza. Gari jipya humfaa mwenye kazi nalo ya kila siku, atakayekaa nalo miaka kumi, au kampuni ambayo gari likilala gereji siku mbili inapata hasara. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu ili aonekane, huyo anawalipia wenziwe.

Lakini wengi wetu tunanunua yaliyotumika, na mengi yanatoka Japan. Watu huuliza: mbona Wajapani huuza magari mazuri hivi? Sababu mojawapo ni ukaguzi wa lazima. Kule gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali. Mwenye gari akiona zamu ya ukaguzi inakaribia, mara nyingi huliuza. Ndiyo maana gari lenye umri wa miaka 5 au 7 kutoka huko laweza kuwa zima kabisa. Laweza pia kuwa limegongwa na kunyooshwa, na kwa macho usijue. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuyatazame magari yenyewe. Nitayagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la Harrier. Toyota waliitoa Desemba 1997, na nje ya Japan ikauzwa kwa jina la Lexus RX. Harrier ya mwanzo imejengwa juu ya msingi wa Camry. Halina chasisi ya peke yake kama lori, na ziko Harrier nyingi zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu. Kwa hiyo ni gari la lami lililonyanyuliwa. Anayelinunua ili apeleke mbolea shambani wakati wa masika amekosea mlango. Faida yake ni kwamba vipuri vyake vingi ni ndugu na vya Toyota nyingine, na fundi anayelijua hakosekani.

Katika Harrier, tazama injini. Ile ya zamani ya cc 3,000 hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini, na akikosa jibu, weka gharama hiyo katika hesabu yako. Injini hiyo ina historia ya oili kuganda kama lami inapocheleweshwa kubadilishwa. Mwaka 2002 Toyota walitangaza huko Marekani mpango maalumu wa kuwatengenezea wateja waliopatwa na shida hiyo. Fungua kifuniko cha oili, uchungulie kwa tochi. Ukiona utando mweusi mzito, ondoka. Ile ya cc 2,400 hutumia mnyororo badala ya mkanda, lakini baadhi ya injini za aina hiyo zina tabia ya kula oili. Kwa Harrier za kizazi cha tatu, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2013, iko injini ya cc 1,986, na nitaeleza punde kwa nini tarakimu hiyo ni muhimu. Ziko pia za haibridi, zilizoanza mwaka 2005. Katika zile za kwanza betri kubwa imewekwa chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Vumbi likiziba njia ya hewa, betri huchemka na kufa mapema, na betri hiyo si bei ya betri ya dukani.

Kundi la pili ni la Prado. Hili lina chasisi kamili, na mwili umefungwa juu yake. Linayumba zaidi kwenye kona na hunywa mafuta zaidi, lakini barabara mbovu ndiyo kwao. Prado haishuki bei upesi, kwa hiyo ukilinunua utalipa zaidi, na ukiliuza utarudishiwa zaidi. Tatizo ni kwamba kwa sababu ya sifa hiyo, nyingi zimefanya kazi ngumu. Ingia chini ya gari utazame chasisi: kutu, mahali palipochomelewa, na rangi mpya iliyopakwa haraka. Kwa zile za dizeli za cc 3,000, liwashe asubuhi injini ikiwa baridi. Likigonga kwa sauti kali na kutoa moshi, nozeli zimechoka, na nozeli za kisasa zinazoongozwa na kompyuta ni ghali.

Kundi la tatu ni la Ulaya: X5 iliyoanza 1999, Mercedes ML iliyoanza 1997 na kubadilishwa jina kuwa GLE mwaka 2015, Discovery, Volvo XC90, Touareg. Kwa starehe na uimara barabarani, haya hayana mzaha. Lakini yanataka fundi mwenye kompyuta ya kuyasoma, si fundi wa gereji bubu anayebadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha na pesa zako. Mengi yana springi za upepo badala ya chuma. Ukilikuta gari limelala asubuhi, limeinama upande mmoja, ujue mfuko wa upepo unavuja. Mabomba ya plastiki ya mfumo wa kupoza hukakamaa kwa joto na kupasuka. Na iko kazi ambayo ni nyepesi kwenye gari jingine lakini humkausha mtu hapa: kubadilisha turbo ya Discovery 3 ya dizeli, mara nyingi mafundi hulazimika kunyanyua mwili mzima kutoka kwenye chasisi.

Dizeli za kisasa kutoka Uingereza zina jambo lake. Zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Afrika Mashariki tulikubaliana kushuka hadi 50 tangu Januari 2015, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa, lakini 50 si 10. Tena magari hayo yana chujio la masizi ambalo hujisafisha linapokimbizwa kwenye barabara ndefu. Gari linalokaa kwenye foleni ya Mwenge asubuhi na jioni halipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Kwa mtu wa safari fupi za mjini, petroli ni salama zaidi.

Tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo wengi huvunjika moyo bandarini. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia. Tanzania tunaruhusu, lakini tunatoza. Gari lenye miaka 8 na zaidi huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu, na likivuka miaka 10 huongezewa zaidi. Injini inayozidi cc 2,000 nayo hulipa ushuru mkubwa kuliko iliyo chini yake. Ndiyo maana nilitaja ile ya cc 1,986: imejificha chini ya mstari. Tena kodi huhesabiwa juu ya thamani inayokadiriwa na TRA, si juu ya risiti uliyopewa na rafiki yako. Kikokotoo cha TRA kiko kwenye mtandao. Kitumie kabla hujatuma hata dola moja nje.

Halafu kuna karatasi. Gari lililopita mnadani Japan huwa na karatasi ya mnada. Ombeni nakala yake, na hakikisheni namba ya chasisi inalingana na ya gari. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA maana yake limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Kwa gari lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi: kule gari lililozidi miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na kwa namba yake ya usajili ya huko waweza kusoma bure, kwenye tovuti ya serikali yao, maili zilizoandikwa kila mwaka. Kama mwaka jana liliandikwa maili 110,000 na leo mita inasoma 70,000, huhitaji mganga wa kukueleza.

Kwa gari lililokwisha kutembea hapa nchini, dai kadi halisi. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, deni bado liko. Tazama pia faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Kisha tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 haliwi na pedali iliyolika kama kandambili ya zamani.

Likaguliwe na fundi wako, unayemlipa wewe, si fundi aliyeletwa na dalali. Washa swichi kabla ya kupiga stata, na taa ya injini lazima iwake, kisha injini ikiunguruma izimike. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeinyamazisha ili usione ugonjwa. Toa gia mbele, rudisha nyuma. Likisita kisha likashtuka kwa kishindo, giaboksi inaomba pesa. Lipitishe kwenye barabara yenye mashimo, redio ikiwa imezimwa.

Mwisho, chukua kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywea lita 1,500. Linalokwenda kilomita 8 litakunywea lita 2,250. Tofauti ni lita 750 kila mwaka, na kwa miaka mitatu ni lita 2,250. Zidisha kwa bei ya petroli ya leo, uone kama lile gari lililokuwa rahisi bado ni rahisi. Ongeza matairi, maana saizi za magari haya si za Corolla. Ongeza bima kubwa, na matengenezo. Kisha toa bei utakayoliuzia baada ya miaka mitatu. Hesabu inayobaki ndiyo bei ya gari; ile iliyobandikwa kwenye kioo ni kiingilio tu.

Na kama una shilingi milioni 50, usitafute gari la milioni 50. Tafuta la milioni 40, ikiwa ni pamoja na kodi na usajili, na zile 10 zilizobaki ziwe za mwaka wa kwanza, maana gari lililotumika hudai haki yake mapema. Harrier iliyotunzwa vizuri, yenye karatasi zake, ina heshima kuliko X5 inayosukumwa na vijana barabarani.

Msikilizaji, hakuna ubaya wa kupenda kitu kizuri. Mtu aliyefanya kazi kwa jasho ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi. Ninachoomba ni kwamba kiti hicho kisigeuke kuwa ada ya shule, kodi ya nyumba na dawa za mama mzazi. Kabla hujatoa pesa, mwulize muuzaji maswali matatu: karatasi iko wapi, fundi wangu aje lini, na kwa nini unaliuza? Akikasirika kwa lolote kati ya hayo matatu, mshukuru na uende yadi nyingine.