Zaka na kodi ya pango: Tumpe mpangaji fedha mkononi?

Ndugu Waislamu, mji wa Tabora ulikua kwa kupokea wageni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilituama hapa kabla njia haijagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mpagazi asiye na ndugu alihitaji mahali pa kulaza ubavu. Haja hiyo ingaliko leo Ng'ambo, Isevya na Gongoni, ila sasa imo katika chumba cha kupanga, ambapo wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo.

Basi tujiulize: zaka yetu imfikieje mpangaji fukara? Tumlipie mwenye nyumba, au tumpe mwenyewe fedha taslimu?

Suratut-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, wakiwamo mafakiri, masikini na wenye madeni. Mjane anayedaiwa malimbikizo ya kodi huweza kuingia humo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, wamesema kumlipa mdai moja kwa moja kunataka idhini ya mdaiwa. Haki ni yake, si ya mwenye nyumba wala ya kamati.

Wako wanaohofu kwamba masikini atazitapanya. Huko Siaya, Kenya, watafiti walipochunguza kaya zilizopewa fedha na shirika la GiveDirectly mwanzoni mwa miaka ya 2010, hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka. Waliona jambo jingine la kuzingatiwa: fedha za kila mwezi zilielekea zaidi kwenye chakula, na za mkupuo kwenye vitu vya kudumu. Kwetu, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012, uliwekewa utaratibu wa malipo ya kila miezi miwili. Fedha hizo husitiri njaa, lakini haziwezi kukusanyika zikafikia kodi ya nusu mwaka.

Wengine wanahofu kodi zitapanda. Marekani ilijaribu ruzuku ya namna hiyo katika miaka ya 1970 huko Green Bay na South Bend, na kodi hazikupanda kwa kiasi cha kutajika. Hata hivyo miji hiyo si Tabora, hivyo tahadhari ni wajibu.

Rai yetu ni kwamba kamati za misikiti ziulize mapema mkataba wa mpangaji unakwisha lini, zimkabidhi fedha kwa mkupuo wakati huo, na kwa siri, bila kumtangaza kwenye kipaza sauti. Mgonjwa au mzee akiomba alipiwe, alipiwe kwa idhini yake.

Tukiri pia upungufu: miezi sita hupita, na kodi hurejea. Kwa hiyo mwenye uwezo aweke wakfu japo chumba kimoja. Zaka itamwokoa mjane asitolewe nje mwezi huu; wakfu utawasitiri wanawe miaka ijayo.

Wabillahi tawfiq.