Ufito, Timazi na Mashua ya Nusu Mita

Nilipomwomba fundi mmoja wa Nungwi, Unguja, anionyeshe ramani ya mashua aliyokuwa akiiunda, aliweka tezo chini, akanyoosha mkono kuelekea mataruma yaliyosimama juu ya mkuku. "Ramani ndiyo hiyo, mwanangu. Nyingine sina." Hakuwa akinificha kitu. Mafundi wa Nungwi, kama wenzao wa Matondoni kule Lamu, huanza na urefu wa mkuku, na kutoka hapo upana, kina na mlalo wa hanamu (mti wa mbele wa chombo) huvitoa kichwani, wakisahihisha kwa jicho kadiri kazi inavyopanda. Chombo kikimalizika hushushwa majini, na hakuna karatasi inayobaki.

Mimi nilitaka kuunda mfano wa mashua ya aina ile, wa mbao, wenye urefu wa nusu mita kwenye mstari wa maji. Mtu anayetaka mfano wa manowari ya kale ya Ulaya anaweza kununua michoro iliyokwisha tayarishwa, hata mbao zilizokwisha katwa. Anayetaka mashua ya Nungwi hana budi aichore mwenyewe. Miezi iliyofuata ilinifundisha kwamba kuchora kunadai akili nyingi kuliko kuchonga.

Tatizo la kwanza ni kwamba chombo hakina upande ulionyooka wa kuanzia. Nyumba ina pembe; mashua ina mizunguko tu. Dawa yake ni kuikatakata kwa fikra, kama mkate wa kumimina unavyokatwa vipande. Unatandika kamba iliyonyooka sambamba na mkuku, unaigawa kwa umbali ulio sawa, na penye kila alama unapima upana kutoka katikati ya chombo hadi ubavuni, kwanza karibu na mkuku, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, hadi ukingoni. Kila alama inakupa umbo la kipande kimoja. Ukiyapanga maumbo hayo yote unapata mashua nzima, lakini sasa imekuwa jedwali la namba.

Nilipima mashua iliyokuwa imepandishwa ufukweni ili ipakwe deheni, nikitumia futi ya kamba, rula ndefu na timazi. Nilirudi nyumbani nikiwa na daftari lililojaa, nikakuta mashua yangu ina ubavu mmoja mnene na mwingine mwembamba. Nilimlaumu fundi kimoyomoyo, na kosa lilikuwa langu. Mashua ilikuwa imelalia upande kidogo mchangani, labda nyuzi tatu. Timazi hufuata dunia, haifuati chombo. Kwa mwinamo wa nyuzi tatu, pale ukingoni, mita moja na nusu juu ya mkuku, katikati ya chombo husogea karibu sentimita 8 kutoka pale timazi inapoonyesha. Kwenye mfano uliopunguzwa mara 20 hizo ni milimita 4, na jicho linaziona mara moja. Ilinibidi nirudi. Safari ya pili nilipima mbavu zote mbili na kuchukua wastani wake, kwa sababu kinachozidi upande mmoja hupungua kwa kiasi karibu kile kile upande wa pili, na kosa linajifuta.

Baada ya kupima huja kuchora, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko mahali pengine popote katika kazi hii. Chombo huchorwa mara tatu: kinavyoonekana ubavuni, kinavyoonekana kutoka juu, na vipande vyake vinavyoonekana kutoka omo (mbele) au tezi (nyuma). Michoro hiyo mitatu haina ruhusa ya kupingana. Kila nukta iliyo kwenye mmoja lazima iwepo kwenye mingine miwili, kwa kimo kile kile na upana ule ule. Mchoro wangu wa ubavuni ulikuwa mzuri hata nikautundika ukutani. Nilipozihamishia nukta zake kwenye mchoro wa juu, mstari wa maji ukatoa kinundu karibu na omo, kama mtu aliyemeza embe zima. Mchoro mmoja peke yake unaweza kudanganya. Mitatu ikikaa pamoja haiwezi.

Kinundu huondolewa kwa ufito. Unachukua ufito mwembamba wa mwanzi au wa mbao isiyo na fundo, unaupitisha kwenye nukta zako na kuubana kwa vitu vizito. Kisha unanyanyua kizito kimoja kimoja na kuangalia. Ufito ukiruka ulipoachiliwa, nukta ile ilikuwa ikiulazimisha, nayo ndiyo yenye kosa. Ukitulia palepale, mstari ni sahihi. Sababu iko kwenye fizikia: kitu chenye mnyumbuko kinapobanwa mahali kadhaa hujipinda kwa namna inayohifadhi nishati ndogo kabisa ya mpindo. Hakipendi kona za ghafla. Maji nayo yanayopita ubavuni mwa chombo hayazipendi, kwa kuwa penye badiliko la ghafla ndipo yanapojitenga na ubavu na kuzua mizunguko ya maji inayokivuta chombo nyuma.

Mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg, aliyezaliwa Romania na kufanya kazi Marekani, aliandika kuhusu mistari ya hesabu inayofuata tabia hiyo hiyo, akaipa jina la ufito wa wachoraji. Katika miaka ya 1960 mhandisi Pierre Bézier wa kampuni ya magari ya Renault, Ufaransa, alieneza njia nyingine yenye undugu na hiyo kwa ajili ya kuchora miili ya magari kwa kompyuta. Mizunguko ya herufi unazosoma kwenye simu yako huchorwa kwa mistari ya ukoo huo. Wakati huohuo fundi wa pwani bado anabana ubao mrefu juu ya mataruma, anarudi hatua kumi nyuma, anafumba jicho moja, kisha anakwenda kupunguza taruma lililozidi. Ni jaribio lilelile la ufito, naye hulifanya kwa ukubwa kamili.

Mchoro ukitulia unaweza kuuuliza maswali. Mashua hii itazama kiasi gani? Archimedes alishajibu zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: chombo husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Kwa hiyo tunahitaji ujazo wa sehemu iliyo chini ya maji, na umbo lenye mizunguko halipimwi kwa urefu mara upana mara kina. Hapa vile vipande vya mkate vinalipa gharama yake. Tuseme mstari wa maji una mita 10, nasi tumeugawa mara nne, kila mita 2.5. Maeneo ya vipande chini ya maji ni sifuri kule omo, kisha mita za mraba 1.2, 2.0 na 1.4, kisha sifuri kule tezi. Kanuni inayoitwa kwa jina la Mwingereza Thomas Simpson (1710–1761) inataka vipande vizidishwe kwa 1, 4, 2, 4 na 1 kwa zamu. Tunapata 4.8, 4.0 na 5.6, jumla 14.4. Zidisha kwa 2.5, gawanya kwa 3: mita za ujazo 12. Maji ya bahari yana uzito wa takriban kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, basi mashua hiyo pamoja na shehena yake ina zaidi kidogo ya tani 12.

Sasa ipunguze mara 20. Urefu unagawanywa kwa 20, ila ujazo unagawanywa kwa 20 mara tatu, yaani 8,000. Mita za ujazo 12 zinakuwa lita moja na nusu. Mfano wangu, ili uelee kwenye mstari uleule wa mashua halisi, ulipaswa kuwa na kilo 1.5 tu. Mbao, mlingoti, foromali na tanga vilifikia gramu 640. Gramu 860 zilizobaki ni farumi, vipande vya risasi nilivyovilaza chini kabisa kwenye ngama.

Farumi hiyo si ya hiari. Nguvu ya upepo inayolaza chombo hutegemea eneo la tanga na kimo chake, kwa hiyo ukipunguza vipimo mara 20, nguvu hiyo hupungua mara 8,000. Nguvu inayokirudisha chombo wima hutegemea uzito pamoja na umbali, nayo hupungua mara 160,000. Mfano unabaki dhaifu mara 20 kuliko mama yake mbele ya upepo uleule. Upepo wa noti 10, ambao nahodha angeufurahia, kwa mfano huo ni sawa na noti 45 kwa mashua halisi, na hiyo ni dhoruba. Watoto wa pwani wanaoshindanisha vyombo vyao vidogo wakati maji yamekupwa wanalijua jambo hili bila hesabu: hupunguza tanga, au hufunga miti miwili ya pembeni kama ya ngalawa.

Hata mwendo una kanuni yake. Mwingereza William Froude (1810–1879) alionyesha kwamba mfano hutoa mawimbi yenye umbo sawa na ya chombo kikubwa pale mwendo wake unapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Kipeuo cha pili cha 20 ni karibu 4.5. Mashua inayokata noti 6 inafuatwa kwa uaminifu na mfano unaokwenda noti 1.3, mwendo wa mtu anayetembea polepole ukingoni mwa maji. Mwaka 1872 Froude alianza kuvuta mifano katika tangi lake huko Torquay, na tangu hapo meli kubwa hujaribiwa zikiwa ndogo kabla hazijakatiwa chuma.

Kuunda kwenyewe nakupitia haraka. Vipande vya mchoro vilikatwa kwenye plaiwudi na kusimamishwa juu ya mkuku, kisha zikaja mbao za ubavuni zenye unene wa milimita 2. Hizo zilinishinda mwanzoni, mpaka nilipoelewa kwamba ubavu wa mashua ni kama ganda la chungwa: huwezi kulilaza bapa bila kulipasua. Mwanahisabati Gauss alithibitisha hilo mwaka 1827. Kwa hiyo ubao mmoja mpana hauwezi kuuvika ubavu. Lazima mbao ziwe nyingi na nyembamba, na kila moja ipungue inapokaribia ncha. Katikati ya mfano wangu mzunguko wa ubavu ulikuwa sentimita 15 na kule omo sentimita 9, hivyo mbao 15 zilianza na milimita 10 na kuishia na 6. Maji ya moto yalizilainisha kwa dakika chache. Fundi wa ubao mnene husubiri muda mrefu zaidi, kwa kuwa muda wa joto kupenya hukua kwa mraba wa unene. Kitu kimoja tu kilikataa kupunguzwa, nacho ni mistari ya mti wenyewe. Mninga ni mbao nzuri ya kitanda, ila kwenye mashua ya nusu mita vinyweleo vyake huonekana kama mitaro. Nilitumia mlimau, ambao chembe zake ni ndogo mno.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya niende na futi ya kamba pwani, nayo ni mtepe. Huo ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu chenye mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, na tanga la mraba lililosukwa kwa majani kama mkeka. Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale: kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinasema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Makala ya mtafiti James Hornell kuhusu mtepe, ya mwaka 1941, yalitoka wakati chombo chenyewe hakiundwi tena. Tunachokijua leo kuhusu mtepe kimetoka kwenye picha chache, maandishi ya wageni, na mifano midogo iliyochongwa na watu walioufahamu, kama ile iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Mtepe wa ukubwa kamili uliwahi kuundwa upya na kuwekwa katika jengo la Beit al-Ajaib, Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Mfano uliochongwa kwa makini ni hati, na mchoro wenye vipimo ni hati bora zaidi, maana unanakiliwa. Jahazi na mashua bado zipo, na mafundi wenye ramani vichwani bado wapo, lakini boti za plastiki zinaongezeka kila mwaka na vijana wanaoshika tezo wanapungua. Kama unaishi karibu na bandari ndogo, Tanga, Kilwa, Pemba, Pate au Vanga, nenda siku chombo kimepandishwa mchangani. Mwombe ruhusa mwenye chombo. Pima mbavu zote mbili. Andika tarehe, mahali, aina ya mti, na jina la kila kiungo kama fundi wa hapo anavyolitamka, kwa maana Nungwi hawasemi sawa na Lamu. Mpelekee nakala ya mchoro.

Fundi wangu aliushika mfano, akaugeuza, akaupitishia kidole kutoka omo hadi tezi. Akasema hanamu yake imelala mno. Nilikwenda kupima tena, na ilikuwa kweli: nyuzi mbili.