Tarehe 23 Machi: nani waliimba mara ya kwanza kule Kamina?

Wachimbaji wa kwetu wanajua kazi ya etiketi. Mfuko wa kasiterite ukitoka kwenye karieri unafungwa etiketi yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue mali imetoka wapi. Dhahabu ya Salamabila, yenyewe, inaingia mfukoni mwa suruali na kwenda zake. Ikifika mbele, nani atajua tena jina la aliyeshuka shimoni? Muziki nao ni vile vile. Kuna kazi inayotembea na majina ya watu wake, na kuna ile ambayo majina yalibaki njiani.

Tuanze na mfano wa Ulaya. Tarehe 7 Mei 1824, mjini Vienna, sinfonia ya 9 ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza mbele ya watu. Beethoven alikuwa amekuwa kiziwi. Watu walipiga makofi, yeye hakusikia kitu, mpaka mwimbaji mmoja, Caroline Unger, akamgeuza ili aone mikono ya watu. Mwaka 2024 kazi hiyo ilitimiza miaka 200, na bado jina la mama huyo linajulikana, pamoja na wenzake watatu: Sontag, Haizinger na Seipelt. Hata Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, imeipiga sinfonia hiyo.

Sasa turudi karibu. Ukishika reli ya Kindu, ukapita Samba, Kongolo na Kabalo, utafika Kamina. Kule, tarehe 23 Machi 1958, siku ya Mungu, wiki mbili mbele ya Pasaka, misa moja iliimbwa kwa mara ya kwanza. Jina lake ni Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kwa sababu wakati ule misa ilisomwa kwa Kilatini. Lakini sauti, ngoma na mwendo vilikuwa vya Kongo. Ilikuwa miaka mitano mbele ya Mtaguso wa Vatikani kufungua mlango kwa lugha za watu kanisani, na miaka 30 mbele ya Roma kukubali misa ya Zaire, mwaka 1988.

Walioimba walikuwa watoto wa shule wapata 45, wa miaka 9 mpaka 14, na walimu wapata 15. Kiongozi alikuwa Pere Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuja kuongoza shule ile mwaka 1953. Korale iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani ilibeba jina la mfalme wa Ubelgiji.

Je, nani alitunga? Mara nyingi kazi inaandikwa kwa jina la Pere Haazen. Lakini misa ile haikutoka kwenye karatasi ya mtu mmoja. Waimbaji walikaa pamoja, mmoja akianza, wengine wakiitikia, wakijaribu na kubadilisha mpaka wimbo ukakaa sawa. Sauti zenyewe walizitoa kwa wazazi: nyimbo za kilio za Waluba, nyimbo za kuagana, ngoma za Kasai. Aliyeongoza sauti alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Jina lake linajulikana. Lakini ya watoto wale 45, na ya wapiga ngoma, nani anayataja leo?

Na wimbo ulitembea sana. Mwaka ule ule wa 1958 korale iliimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, na diski ikatoka. Mwaka 1964 Pasolini aliweka Gloria yake katika filamu juu ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Sanctus iliingia katika filamu ya Kiingereza, If...., na vijana wa Uingereza wakainunua. Kenya nako, Muungano National Choir ya Boniface Mganga iliirekodi upya. Mali ya Kamina ilifika duniani kote.

Si kusema Pere aliiba. Bila yeye pengine diski isingekuwepo. Lakini PDG wa shimo akiuza mzigo, kila mtu anajua kwamba hakuchimba peke yake. Ndiyo sababu kunakuwa na kaye ya majina, na ndiyo sababu ugomvi unaanza pale kaye inapopotea.

Korale zetu za parokia na za Waprotestanti, na vikundi vya kaswida vya Kasongo, vinatunga nyimbo mpya kila mwaka. Vinaimba Noeli au Maulidi, watu wanafurahi, kisha wanasahau. Kaye ya mtoto wa shule inatosha. Andika tarehe, mahali, nani alileta sauti, nani aliongoza, nani alipiga ngoma, nani waliitikia. Wimbo ukirekodiwa kesho na mtu wa mbali, karatasi ile ndiyo etiketi yenu.

Watoto wale wa 1958, walio hai bado, wamepita miaka 70. Mwenye ndugu Kamina amuulize leo: baba, ulikuwa kwenye korale ile? Kama jibu ni ndiyo, aandike jina.