Waliopita Kambini (2): Nani Ameshika Daftari?

Katika sehemu ya kwanza tulitazama kambi zinavyoanzishwa huku kwetu, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa: kambi za kitaaluma za likizo ya Juni, makambi ya Waadventista, kambi za skauti, na ile kubwa ya majirani zetu wa Songea, kikosi cha Mlale cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Leo tunaingia kwenye jambo ambalo halimo katika bajeti ya kambi yoyote. Kambi ikishafungwa, vijana wakishabeba magodoro yao na kuondoka, wapishi wakishaosha masufuria, nani anabaki akijua walikuwa akina nani?

Jibu langu nalitoa mapema: mara nyingi hakuna. Tunapoteza watu wetu kwa kukosa daftari, halafu tunawalaumu kwamba wametusahau.

Chukua kambi ya kitaaluma. Juni milimani kwetu ni mwezi wa baridi kali. Mwanafunzi wa darasa la saba au wa kidato cha nne anafika shuleni na blanketi, debe la mahindi, maharage, na pengine dagaa wa Nyasa waliofungwa kwenye gazeti. Madawati yanasogezwa, darasa linakuwa bweni. Kamati ya shule inahangaika na kuni. Walimu hawatoshi, hasa wa hisabati na fizikia, kwa hiyo huitwa vijana waliomaliza kidato cha sita, nao hufundisha hadi usiku kwa posho ndogo au kwa sahani ya ugali tu. Mwulize kijana wa namna hiyo alikotokea. Mara nyingi utasikia kwamba miaka michache nyuma alilala kwenye sakafu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kambi tayari inao uzi wa kuwarudisha watu wake. Ila uzi wenyewe umeshikwa na mtu mmoja. Kijana aliitwa kwa sababu mwalimu fulani alikuwa na namba yake ya simu. Mwalimu akipata uhamisho wa Tunduru, namba inaondoka naye, na mwaka unaofuata kambi inaanza upya kutafuta wa kufundisha fizikia.

Hapo ndipo inafaa tuwatazame watumishi wa kambi, kwa sababu tunapozungumza juu ya waliopita tunawafikiria wanafunzi peke yao. Wakuu wa shule huhamishwa. Mpishi hahamishwi. Katika shule moja ya kata nilimwona kijana, sasa ni muuguzi, amekuja kuulizia cheti cha mdogo wake. Mkuu wa shule alikuwa mgeni, akampokea kama anavyopokewa mtu yeyote ofisini. Alipokuwa akitoka, sauti ikamfuata kutoka jikoni: "We Blanketi! Unapita tu bila kusalimia wakubwa?" Kijana akageuka, akacheka, akatoa shikamoo yake. Mama yule akaitika marahaba na papo hapo akaanza kueleza wenzake kwamba huyu alikuja kambini bila blanketi, akalala wiki ya kwanza amejifunika kanga mbili za mama huyo. Akauliza habari za mama mzazi, akauliza kama kikohozi kile kilipona. Muuguzi yule alikaa jikoni zaidi ya saa nzima. Kabla ya kuondoka aliacha namba yake, na aliiacha kwa mpishi. Ofisini hakuna aliyeiomba.

Yule mama ndiye daftari la shule ile. Siku akistaafu, na atastaafu bila hafla, shule itakuwa imepoteza kumbukumbu ya miaka yote aliyosimama mbele ya jiko.

Wenzetu wa mbali walilitambua jambo hili mapema. Huko Marekani, kwenye ufuko wa Ziwa Champlain, kuna kambi ya wavulana iitwayo Camp Dudley, iliyoanza mwaka 1885. Kila anayeingia, awe mtoto au kiongozi, hupewa namba yake kwa mfuatano tangu yule wa kwanza, na namba hiyo haipewi mtu mwingine hata akifa. Mzee wa miaka 80 akikutana na mtoto wa miaka 11 wanatajiana namba, na papo hapo kila mmoja anajua mwenzake alikuwepo zama zipi. Kambi yenyewe ni ya wenye nafasi, na mengi yake hatuna haja ya kuyaiga. Lakini kitendo cha kumwandika mtoto wa kumi na mtoto wa elfu kumi katika mfuatano mmoja, bila kuruka mtu, hakihitaji utajiri. Kinahitaji kaunta buku na mtu mwenye subira.

JKT nao wana namna yao. Jeshi hilo lilianza tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya lazima kwa vijana wasomi yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Tangu yaliporejeshwa, wahitimu wa kidato cha sita hutawanywa nchi nzima: wa Mbamba Bay anaweza kupelekwa Bulombora, Kigoma, na wa Kigoma akaletwa Mlale. Ndiyo maana ya kambi zile, watu wachanganyike. Kila mkupuo hupewa jina la operesheni, kama ule wa mwaka 2014 ulioitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano, na jina hilo humfuata kijana maisha yake yote. Watu wawili wasiojuana, wakigundua katika basi la Songea kwamba ni wa operesheni moja, huulizana kombania, kisha afande yupi aliwakimbiza mchakamchaka, na safari inakuwa fupi. Jina limewaunganisha wao kwa wao. Kwa kambi, hata hivyo, halijawafunga sana: wakishatoka getini hawana sababu ya kurudi wala siku ya kurudi. Hufungua makundi ya simu, yanachangamka miezi mitatu, kisha yanabaki ya kutangaza misiba na michango. Siidharau michango ya misiba. Nasema tu kwamba kundi lisilo na kazi nyingine huishia hapo.

Mwambao wa ziwa letu una mfano wa zamani zaidi. Wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) waliofika upande huu wa ziwa katika karne ya 19 walikuwa na tatizo hili hili kwa watumishi wao. Muuguzi au fundi wa meli alikaa miaka michache, akaugua malaria, akarudishwa Uingereza. Angeweza kupotea moja kwa moja. Lakini tangu mwaka 1883 misheni ilikuwa na jarida lake la kila mwezi, Central Africa, lililochapisha barua kutoka kisiwa cha Likoma na vituo vya mwambaoni. Aliyewahi kuhudumu huku aliweza kukaa katika kijiji cha Kiingereza na kusoma habari za mahali anapopajua kwa miguu yake. Msaada wa vitabu, dawa na fedha uliendelea kuja kwa sababu watu walipewa habari za mahali na za watu. Ombi la fedha peke yake halina nguvu hiyo.

Na miongoni mwao yuko aliyebaki. William Percival Johnson alifika Afrika mwaka 1876, akafanya kazi ziwani kwa zaidi ya miaka 40, sehemu kubwa akiwa na macho mabovu, akafariki Liuli Oktoba 1928. Kaburi lake Liuli limekuwa mahali pa hija. Vijana aliowafundisha wamekwisha kufa wote, ila mahali pamebaki pa kurudia. Nchini Kenya, maskauti wana jambo linalofanana na hilo: Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti kwa kambi ya mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na kila Februari, karibu na siku yake ya kuzaliwa, maskauti hufika kaburini kwake. Kwenye jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya kiskauti ya mtu aliyekwenda nyumbani. Skauti wa miaka kumi anaisoma bila kufundishwa upya.

Kambi ya kitaaluma ya Kigonsera au Lituhi haina kaburi la mwanzilishi, wala haihitaji. Inahitaji siku. Asiyekuwapo na lake halipo, na mtu hawezi kuwapo siku ambayo haikutajwa. Kwa milimani, siku inayofaa ni moja kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati Wamatengo walioko Dar es Salaam, Songea na kwingineko wamerudi nyumbani. Juni wengi hawawezi: kahawa inachumwa na likizo za kazini ni chache. Kwa mwambaoni ningeshauri wapange kwa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi penye mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wako nchi kavu, na wavuvi wengi wa leo ni vijana wa kambi za jana. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, imeondoa kisingizio kikubwa tulichokuwa nacho zamani wakati wa mvua.

Wakishafika wafanye nini? Hotuba haitoshi. Wamatengo tunayo ngokela, kazi ya kualikana. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga kwa miraba shambani, wanawake wanayafukia kwa udongo, mashimo ya kilimo cha ngolo yanatokea mteremko mzima kwa siku moja, kisha watu wanakula na kunywa pamoja. Tunayo pia sengu, ambapo ukoo ulikula pamoja kwa mzee na hapo hapo mambo yakaamuliwa na watoto wakafundishwa. Chuo Kikuu cha Sokoine, kiliposhirikiana na wataalamu wa Kijapani katika kijiji cha Kindimba, kiliikuta sengu na kujenga juu yake kazi za maendeleo. Siku ya waliopita kambini ifanane na hayo: asubuhi kazi ya mikono, kupaka chokaa darasa lile walilolala, kutengeneza jiko la mpishi, mchana chakula, jioni aliye muuguzi aongee na wanaotaka uuguzi. Mtu huhisi kwamba mahali ni pake anapopafanyia kazi.

Ushahidi wa yanayotokea watu wakikosa mahali pa kurudi tunao karibu, wilayani Songea. Kijiji cha Litowa kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, na kikawa moyo wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikia vijiji vipatavyo 17 na kuwa na shule yao pale Litowa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Mali ilichukuliwa, walimu wakatawanywa, mshauri wao Mwingereza, Ralph Ibbott, akaondoka nchini. Ibbott alichapisha kitabu cha habari zile mwaka 2014, miaka 45 baadaye. Wanafunzi wa shule ile waliendelea na maisha kila mmoja upande wake. Kwangu mimi hasara kubwa ya siku ile haikuwa ile mali iliyochukuliwa. Ni ule mtandao wa watu waliojuana kwa majina na kwa kazi, ambao haukuwa na mahali pengine pa kukutania.

Sasa nirudi kwenye daftari lenyewe, kwa kuwa Juni haiko mbali. Liwe na jina kamili na jina la utani, kijiji, mwaka wa kambi, na kazi aliyoifanya mtu pale: mwanafunzi, mwalimu wa kujitolea, mpishi, mlinzi. Wapishi na walinzi waandikwe katika mfuatano ule ule, wasitengewe ukurasa wa nyuma. Namba ya simu iwepo, lakini isitegemewe, vijana hubadilisha laini kila mara. Iandikwe pamoja na jina la mtu wa nyumbani asiyehama: bibi, mjomba mwenye duka, balozi wa nyumba kumi. Ukimpata bibi wa Mbaha umempata mjukuu hata akiwa Muscat. Ziwepo nakala mbili, moja shuleni, nyingine kwa mtu wa kijijini ambaye hahamishwi kikazi.

Na liwe na ulinzi. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inahusu hata kaunta buku. Mtu aulizwe kabla ya kuandikwa. Kwa mtoto, mzazi aulizwe. Majina yasigawiwe kwa wafanyabiashara wala kwa wagombea msimu wa uchaguzi. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu mtu aliyeacha namba yake ili asaidie fizikia, akianza kupigiwa na mgombea, hataacha namba tena mahali popote.

Kuhusu fedha, yaani nani achangie, nani ashike, na kwa nini mchango wa kwanza usiwe mkubwa, tutazungumza katika sehemu ya tatu. Kabla ya hapo nawaomba walimu wakuu wa Mbinga na Nyasa jambo moja la wiki hii: wakae na wapishi wao jioni moja, kalamu mkononi, waandike majina ambayo wapishi wanayakumbuka.